Makemba ya Kuponda

Muuguzi alizungusha utepe wa kupimia unene kwenye mkono wa mtoto, akaangalia rangi iliyotokea, kisha akamgeukia Florentine.

“Mama, huyu ni wako wa ngapi?”

“Haiko wangu. Ni mutoto ya dada yangu.”

“Na ba kwako, uko na bangapi?”

Kwenye benchi lililoegemea ukuta walikaa wanawake wapatao kumi, kila mmoja na mtoto mapajani, na wote waliinua nyuso kungoja jibu. Florentine alikuwa na miaka thelathini na tisa. Katika mtaa wake hapo Butembo walimjua kwa mambo mawili: alishona robe, magauni ya ndoa ambayo hata watu wa Beni waliyafuata, na hakuwahi kuzaa.

“Sina,” alisema.

Muuguzi akaandika. Hakuwa na nia mbaya. Karatasi yake ndiyo iliyouliza. Akaeleza kwamba rangi ni ya njano, haijawa nyekundu, lakini nyekundu haiko mbali. Muhindo alikuwa na miaka minne na alikaa juu ya meza bila kulia, akitazama dirisha. Muuguzi akahesabu pakiti kumi na nne za karanga zilizosagwa, mbili kwa siku, za kumfikisha Jumatatu ijayo.

“Lundi ingine utamurudisha tumupime. Akishuka tena kidogo, namutuma ku hopitali, batamupitishia mupira mu pua. Mama, mutoto hapana robe. Hapana kumungoja mupaka umumalize.”

Mwanamke mmoja kwenye benchi akacheka, akajifanya anakohoa. Florentine akamfunga Muhindo mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba kitenge kilizunguka mara mbili na bado kikabaki kirefu.

Nje, kwenye ukungu, Jokébed alikuwa akingoja na viatu vya mdogo wake mkononi. Yeye alikuwa na miaka tisa. Akazitazama zile pakiti.

“Hatazikula,” alisema.

Na kweli, Muhindo hakuzila. Nyumbani Florentine alimpasulia moja, akamtia kidogo mdomoni kwa kidole. Mtoto hakukataa, hakupiga teke, hakutema. Aliziweka tu zile karanga shavuni, akabaki nazo, hadi zikaanza kuchuruzika zenyewe pembeni mwa mdomo.

*

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu watoto hao wateremke kwenye pickup iliyotoka Mutwanga. Mama yao, Kanyere, aliwapakia pamoja na mama mmoja jirani, akawaambia watangulie kwa mama mudogo. Yeye angemaliza kuvuna kakao iliyokuwa imekwisha kuiva, afuate kesho yake. Usiku ule adui, wale waasi wa msituni, waliingia kijijini. Tangu hapo simu ya Kanyere haikuita tena. Baba yao alikuwa amefariki kwa maradhi mwaka uliotangulia.

Florentine alikuwa amejaribu kila kitu. Alipika wali. Alipika viazi vya Lubero, akavikaanga, akavichemsha, akavisaga kwa maziwa. Alinunua samaki, mayai, mkate na mtindi wa kopo. Muhindo alipokea vijiko viwili, mara moja moja vitatu, kisha akafunga midomo. Na ukweli mwingine, ambao Florentine aliujua kuliko majirani, ni kwamba hakuwa mpishi. Miaka yote aliyokaa peke yake alikula mkate na chai mbele ya cherehani, na maharagi ya kununua kwa Hadjara, mwenye mlango wa pili katika parcelle ileile, ua mmoja.

Hadjara ndiye aliyekuja jioni ile, akaegemea fremu ya mlango, akamwona Muhindo ameketi na karanga zake shavuni.

“Flora, kwabo batoto haba balikuwa banakula nini?”

Florentine akajipangusa karanga kidoleni. Wiki tatu, na hakuwahi kuuliza. Alikuwa amekimbilia kuwapa vitu vizuri, vitu vya mjini, kama anayepokea wageni. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

“Jokébed,” aliita. “Mama alikuwa anawapikiaka nini?”

Msichana alikuwa akikunja nguo. Alizikunja tatu kabla ya kujibu.

“Ya kuponda.”

“Ya kuponda njo nini?”

“Makemba na maharagi.”

“Muhindo alikuwa anakula?”

“Alikuwa anakula mupaka anapanguza sahani na kidole.”

“Basi tutapika. Utanionyesha?”

“Hapana.”

Lilitoka kama mlango uliobamizwa. Hadjara akanyanyua nyusi. Jokébed akaweka nguo kwenye sanduku, akazipanga sawasawa, akafunga kifuniko.

“Hiyo ni ya Mama,” alisema. “Akifika atapika.”

*

Siku ya Jumatano simu ililia. Alikuwa Stanislas, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, muuza misumari na mabati kule Bungulu, Beni. Alikuwa mtu wa sauti kubwa hata asipokasirika, na simu ya Florentine ilivujisha kila neno.

“Shemeji, nasikia mutoto anakonda.”

“Nani amekuambia?”

“Butembo hapana mbali. Sikia. Batoto ni ba ukoo, weye unajua. Dimanche niko nakuja kubabeba. Bibi yangu amezaa saba, anajua namna ya kulisha mutoto. Sikutukane, lakini mutu hajazaaka, atajulia wapi?”

Florentine alisema vyema, shemeji. Alisema tutakungojea. Alipokata simu alirudi kwenye cherehani, akakanyaga, na sindano ikapita juu ya kitambaa mara tano kabla hajaona kwamba uzi ulikuwa umekatika.

Jokébed alikuwa amesikia. Alikuja akasimama kando ya meza.

“Baba mukubwa atatubeba?”

“Amesema.”

“Na Mama akija hapa atukose?”

“Nitamuambia muko Beni.”

“Mama alisema tumungojee hapa,” alisema. “Hakusema Beni.”

*

Jumamosi Florentine alikwenda sokoni peke yake. Makemba, zile ndizi kubwa za kupika, hayaoti katika baridi ya Butembo; hupanda kwa malori kutoka upande wa Beni, na wanawake wanaoyauza huyapanga chini kwa mikungu. Alisimama mbele ya mmoja wao, mkono juu ya mkungu ulioiva, akitafuta pa kuanzia.

“Nipatie makemba.”

“Ya namna gani, mama? Ya kukaanga, ya kuchoma, ya kupika?”

“Ya… ya kuponda.”

“Ya kuponda na nini?”

“Na maharagi.”

“Na uko unashika ile imeiva!” Muuzaji akapiga makofi, akawageukia wenzake. “Bamama, mukuje muone! Mutu mukubwa hivi, hajue makemba!”

Wakacheka wote. Haikuwa chuki, ilikuwa asubuhi ndefu na walihitaji kitu cha kuchekea. Mmoja akasema huyo anajua tu vitambaa, na kwamba hata mume alimwacha kwa sababu ya mkate na chai. Hilo la mwisho halikuwa kweli, kwani Florentine hakuwahi kuolewa, lakini hakulisahihisha. Alisimama pale, mkoba kifuani, akangoja kicheko kiishe.

“Nifundishe sasa,” alisema.

Muuzaji akamtazama tena. Akaacha kucheka. Akachagua mwenyewe makemba mabichi, yaliyonona, akayagonga moja moja kwa ukucha. “Hii. Na mawese nyekundu, ya juzi juzi, hapana ile ya kukaa. Ni ya nani chakula?”

“Ni ya mutoto hakulake.”

Yule mama akaongeza makemba mawili juu ya yale aliyolipiwa.

*

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Florentine akawasha mbabula, jiko la makaa, uani. Maharagi yalikuwa yamelala ndani ya maji tangu jana. Alitaka Stanislas akute sufuria motoni. Hakujua ingesaidia nini. Alitaka tu asikute nyumba baridi.

Jokébed aliketi kwenye kizingiti, amegeuza mgongo. Muhindo alikuwa karibu naye, akichora udongoni kwa kijiti. Florentine akachukua kemba la kwanza, akaanza kulimenya kwa kisu. Ganda likakatika vipande vipande, utomvu ukatoka, ukamganda vidoleni, ukaanza kuwa mweusi. Ndani ya nyumba kulikuwa na robe nyeupe ya bibi harusi iliyobaki pindo tu, ya kuchukuliwa kesho asubuhi. Aliitazama mikono yake, akatazama makemba kumi na moja yaliyobaki, akashika la pili.

“Unapakaaka mawese mu mikono kwanza,” ilisema sauti kutoka kizingitini.

Florentine akapaka mawese. Utomvu ukaacha kushika. Akamenya yote, taratibu, bila kugeuka, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Maharagi yalipoiva, akashika sufuria kwa vitambaa viwili, akaiinamisha ili amwage maji.

“Usimwange!”

Jokébed alikuwa amesimama, mikono kichwani, macho yamemtoka.

“Usimwange ile maji! Mama hamwangake! Ukimwanga, makemba itakunywa nini? Itakuwa mukavu kama bugali ya jana! Na sababu ya nini unakata makubwa hivi? Ni ya ngombe?”

Hadjara, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili, akajifunika mdomo kwa shuka.

“Sijue,” Florentine alisema. “Sijue kabisa, mwanangu. Naharibu.”

Jokébed akakunja mikono ya gauni lake la misa, akachuchumaa mbele ya mbabula, akampokonya mama yake mdogo kisu.

Kuanzia hapo uani pakawa na mkubwa mmoja tu. Makemba yakatwe vidole viwili viwili. Yapangwe juu ya maharagi, yasichanganywe. Jani la mgomba lifunike juu, na kama hakuna jani? Hadjara akatumwa, akaenda, akarudi na jani kutoka kwa jirani wa nyuma. Moto upunguzwe. Hapana kufunuafunua. Kitunguu kikatwe kidogo sana, kwa sababu Muhindo alikuwa anakitoa na vidole akikiona. Florentine aliyekuwa akiwaamuru wanafunzi wake watatu wa cherehani sasa alijibu “ndiyo” na “hivi?” na “bado?”

Jani lilipofunuliwa, mvuke ukapanda. Makemba yalikuwa yamelainika yakawa ya njano, na maharagi yamepasuka. Jokébed akamwaga mawese mabichi juu yake, mekundu, hayakupitishwa motoni. Akashika mwiko kwa mikono miwili akaanza kuponda, akisukuma kwa mabega, na harufu ikaenea uani kote, harufu ya nyumba iliyokuwa na watu.

Muhindo akaacha kijiti chake. Akasogea. Akasimama kando ya dada yake, akafungua kiganja, akakinyoosha.

Jokébed akaacha kuponda.

“Anataka nini?” Florentine akanong’ona.

“Ni yeye anaonjaka chumvi,” Jokébed alisema. “Ni kazi yake. Mama alisema mwanaume haponde, basi aonje.”

Akachota kidogo kwa ncha ya mwiko, akapuliza, akaweka kwenye kile kiganja. Muhindo akalamba. Akatafuna kwa makini, uso umekunjamana kama wa mzee wa baraza. Akameza.

“Haijafika,” alisema.

Kwa wiki tatu Florentine hakuwa amesikia neno lake hata moja. Akageuka haraka kwenye ndoo ya maji, akajifanya anatafuta kikombe.

Jokébed akatia chumvi, punje chache tu, za kuhesabika. Akaponda. Akaweka tena kiganjani, mara hii zaidi.

“Haijafika.”

Punje chache tena. Kiganja kikajaa tena. Hapo ndipo Florentine alipoelewa kwamba msichana huyu alijua tangu mwanzo chumvi inayotosha, na kwamba alikuwa akiichelewesha kwa makusudi, ili kiganja kirudi.

*

Pikipiki ilisimama mlangoni wakati wa kuonja kwa tano. Stanislas akashuka, akamwambia motard aliyemwendesha angoje, kwa sababu wangerudi watu watatu. Suruali yake ilikuwa imejaa tope mpaka magotini. Florentine alikwenda kumpokea akijipangusa mikono, akiwa ameshaandaa maneno: shemeji, nipatie wiki mbili, shemeji, mutoto amesema. Lakini Stanislas hakupaza sauti. Alivua kofia, akamvuta nyuma ya ukuta wa choo, mahali ambapo watoto hawangeona.

“Bamemupata,” alisema.

“Dada yangu?”

“Mercredi mangaribi, nilipomaliza kuongea na weye, balinipigia. Kesho yake nilienda Mutwanga. Alikuwa mu shamba yake ya kakao. Ilikuwa siku mingi, shemeji, sura haikujulikana tena. Nilimutambua na ile blouse ya kijani ulimushoneaka. Tulimuzika jeudi ileile, hatungeweza kungoja. Sikutaka kukuambia mu simu.”

Ile blausi Florentine aliishona kwa Krismasi. Shingo yake ilimsumbua, aliifumua mara mbili. Alikumbuka kila mshono. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale. Kulikuwa tu na ule mwiko upande wa pili, unaponda, unaponda.

“Batoto banapaswa kujua,” Stanislas alisema. “Halafu tuende. Bibi ameisha kutandika kitanda.”

“Baache bakule kwanza.”

“Shemeji…”

“Stanislas.” Hakuwahi kumwita kwa jina. “Mutoto anakula. Kuja uone. Ukibaambia sasa, hatafungua tena ule mudomo. Baache bakule. Nakuomba na Mungu.”

Mtu yule mkubwa akaipindapinda kofia yake. Akamfuata hadi uani, akasimama. Alimkuta Jokébed amejaa jasho na mawese, na Muhindo kando yake, kidevu chekundu, akisema kwa mara ya sita kwamba haijafika. Stanislas alikuwa amekuja na picha kichwani ya mtoto anayekufa mikononi mwa mwanamke asiyejua kitu. Akavuta kigoda, akakaa, magoti yakafika karibu na masikio.

“Shikamoo, baba mukubwa,” Jokébed alisema bila kuacha kazi.

“Marahaba, mwanangu. Endelea tu.”

*

Walikula uani, sahani magotini. Muhindo alikula kwa mkono, kwa haraka, bila kumtazama mtu. Hadjara naye alipewa sahani. Alimtazama Florentine usoni mara moja tu, akainamisha kichwa. Stanislas alibeba tonge, akalirudisha, akalibeba tena. Akasema ni kitamu. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuwa yake.

Jokébed peke yake hakula. Alikuwa amejipimia kidogo, akaonja, akaishika ladha ile mdomoni kwa muda.

“Inafanana,” alisema. “Lakini haiko yake.”

Akainua macho kutoka kwenye sahani. Akamtazama baba yake mkubwa, mtu wa sauti kubwa, aliyeketi pale ananong’ona. Akatazama kofia iliyokunjwa. Akamtazama mama yake mdogo, ambaye tangu arudi kutoka nyuma ya choo hakuwa amemgeukia hata mara moja.

“Baba mukubwa,” alisema. “Mulimuzika wapi?”

Stanislas akafunga macho. Kelele za barabarani ziliendelea, redio ya mtu ikaimba wimbo wa kanisa, na motard mlangoni akapiga honi fupi kuwakumbusha.

“Kando ya papa yenu,” alisema mwishowe. “Nilimuchimbia mi mwenyewe.”

Msichana akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitarajia.

Muhindo hakuwa amesikia, au alisikia na bado halijamfikia. Alipanguza sahani yake kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, akalamba kidole, akainyoosha sahani kwa dada yake.

“Ongeza.”

Jokébed akashika mwiko. Akaujaza, akaunyanyua, na chakula kikaanza kuanguka juu ya jani, juu ya mguu wake. Akajaribu tena. Kisha akaugeuza mwiko, akanyoosha upande wa mpini.

“Mama mudogo,” alisema, “muongezee weye.”

Florentine akaupokea. Akamwekea Muhindo, akamwekea tena, na kwa mkono wa pili akamvuta Jokébed. Hapo ndipo msichana alipolia, uso ukiwa ndani ya kitenge cha mama yake mdogo, kwa sauti iliyowatoa watu milangoni. Hadjara alikuwa tayari anatandika mikeka ya matanga.

Stanislas akasimama. Akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakiingia, akafika mlangoni, akatoa nauli ya motard.

“Enda tu, mudogo wangu,” alimwambia. “Batoto banabakia hapa.”

Akangoja mlio wa pikipiki uteremke kilima. Kisha akavua viatu vyake vya tope, akarudi ndani, akaketi mkekani pamoja na wenye msiba.